Mtunzi wa Michezo Asiye na Mjomba

Nimestaafu ukalimani mwezi uliopita, na ninyi vijana mliobaki ofisini mmenitaka niandike jinsi nilivyofanya kazi. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao nauacha, maana ulikuwa mdogo wakati wote na hautaongezeka kwa kuandikwa. Nitaeleza siku za mwanzo, mzee aliyenifundisha, na shauri moja gumu lililoanza kwa hotuba ya Kiingereza na nusura limwondoe kazini rafiki yangu.

Nilianza Nachingwea mwishoni mwa miaka ya arobaini, wazungu walipokuja kulima karanga. Walikuja na matingatinga, mahema, viti vya kukunja na ramani, lakini hawakuwa na mtu wa kuwaeleza wenyeji kwamba yote hayo ni kwa faida yao. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya serikali Lindi. Kiingereza nilikijua, Kimwera nilizaliwa nacho, Kiyao nilifundishwa na mama wa kambo, na Kimakua nilikiokota sokoni. Wakaniajiri siku ileile.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kijijini Kiegei. Meneja mmoja alipanda juu ya sanduku na kuwaambia wazee kwamba pori hili halijapata kutumika tangu dunia iumbwe. Nikatafsiri. Wazee wakatazamana. Mmoja wao akasema, "Muulize, hapo aliposimama anajua ni shamba la nani?" Nikatafsiri hilo nalo. Meneja akashuka, akalisogeza sanduku kidogo, akapanda tena na kuendelea na hotuba.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mchopa, mkalimani wa boma tangu enzi za Wajerumani, ambaye Waingereza aliwaona kama wageni waliochelewa kufika. Alinionyesha mahali pa kusimama: nusu hatua nyuma ya bega la bwana, ili hasira za watu zipite na kumfikia mwenyewe. Maji unywe kabla ya kuanza, kwa sababu mkalimani anayekunywa katikati ya maneno hudhaniwa anaficha kitu. Ulichoulizwa ukitafsiri, usichoulizwa ukiache kilipo. "Na vikohozi waachie wenyewe," alisema. Lakini onyo lake kubwa lilikuwa juu ya maneno mafupi. "Neno refu watu hawalielewi, kwa hiyo watakuuliza. Neno fupi kila mtu anadhani analijua. Hilo ndilo litakalokuua."

Neno lililotaka kuniua lilikuwa "mchezo".

Ilikuwa mwaka ambao Malkia mpya wa Uingereza alivishwa taji. Karanga zilikuwa zimeshashindikana, matingatinga yameachwa yakiota nyasi, nami nimehamia boma. Amri ilitoka juu kwamba watu waelimishwe habari za Uingereza. Kazi hiyo akapewa afisa kijana aliyeshughulikia kisomo cha watu wazima na vilabu vya akina mama, ambaye sisi tulimwita Bwana Maendeleo. Alikuwa mtu wa moyo mwema, mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Akaniambia atazungumza jinsi malezi na zama vilivyomuumba mtunzi mkubwa wa michezo ya kuigiza wa Kiingereza. Jina la mtunzi huyo sitaliandika. Nilipolitamka siku ile, kila kabila lililokuwa ukumbini lililitamka kwa namna yake, na sitaki kuufufua ubishi huo.

Nikaandika tangazo na kulibandika sokoni: MTUNZI MKUBWA WA MICHEZO WA UINGEREZA. HOTUBA. WOTE MNAKARIBISHWA. Nililiona tangazo zuri. Sikufikiri kwamba mchezo ni mpira pia, na kwamba kwetu kumcheza mwali ni kumwingiza unyagoni, kumfunza, na kumtoa akiwa mtu mzima. Kila mtu akalisoma tangazo kwa macho yake.

Siku ya hotuba ukumbi ulijaa. Timu ya mpira ya Ruponda ilifika na jezi, na mpira wameubeba. Kutoka Ruangwa likaja kundi la wanawake na ngoma zao, likiongozwa na Bi Fatu Namkoko, nyakanga aliyekuwa mkuu wa unyago wa huko na mwenye sifa hadi ng'ambo ya mto. Alikuwa amekuja kumpima mwenzake wa Uingereza. Wachache waliojua walichoitiwa walikuwa walimu, na miongoni mwao rafiki yangu Issa, mwalimu wa shule ya kati Ruangwa.

Bwana Maendeleo alipouona umati ule macho yakamlowa. "Sikujua wanaipenda fasihi kiasi hiki," akaninong'oneza. Hakuniuliza chochote, basi sikumjibu.

Akaanza na malezi. Akasema mtunzi alizaliwa mji mdogo wenye soko, na baba yake alikuwa mshonaji wa mifuko ya mikono ya ngozi, ile wanayovaa wazungu wakati wa baridi. Baba akapanda hadi kuwa mmoja wa wakubwa wa mji, kisha mambo yakamharibikia, akaacha kufika barazani. Watu wakatikisa vichwa. Kila mmoja alimjua mtu wa namna hiyo, na wengine walikuwa wameketi naye. Akasema kijana alikua akisikia kelele za wachinjaji, wauza ngozi na wanawake wenye madai, na shuleni alifundishwa kwa fimbo lugha ya watu waliokwisha kufa.

"Afadhali yeye," Issa akasema kwa sauti. "Sisi fimbo ileile, na wenye lugha wangali hai wanatusahihisha."

Bi Fatu akainua mkono. "Mkalimani, mwanangu, niulizie. Huyo mtunzi wa michezo, yeye mwenyewe alichezwa wapi?"

Hapo ndipo nilipolijua kosa la tangazo, lakini mtu akishasimama mbele ya watu hawezi kurudi sokoni kulibandua. Nikamweleza Bwana Maendeleo kwamba mama huyu anauliza mtunzi aliwekwa wapi jandoni. Akajibu kwa upole kwamba kwao desturi hiyo haipo.

"Hakuchezwa?" Bi Fatu akauliza.

"Hakuchezwa, Bibi."

"Halafu akatunga michezo?"

"Akatunga."

"Ya kubahatisha hiyo," akasema mwanamke mmoja nyuma, na wenzake wakamuunga mkono.

"Haya," Bi Fatu akaendelea. "Baba tumemsikia. Mjomba wake nani?"

Kwa msomaji wa mbali nieleze kwamba kwetu baba hulisha na mjomba hulea. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayerithi ni mpwa. Ukitaja malezi ya mtu bila kumtaja mjomba, hujasema kitu. Bwana Maendeleo akapekua karatasi zake, mbele na nyuma. Habari za ukoo wa mama alizokuwa nazo zilikuwa za mashamba tu. Akakiri kwamba mjomba hajulikani.

Hata vijana wa mpira waliacha kudundisha mpira wao.

"Maskini," Bi Fatu akasema. "Sasa nimeelewa. Hakuwekwa jando, mjomba hana, baba anajificha. Mtoto wa hivyo lazima ataongea peke yake, na akiongea sana atajigawa watu wengi."

Bwana Maendeleo akataka tafsiri. Nilipompa, akasema hilo ni jambo la kufikiria, kauli ambayo kwa Kiingereza maana yake ni kwamba tuendelee.

Akaingia kwenye zama. Akasema miaka ile tauni ilikuwa ikiua watu, na ikizuka nyumba za michezo zilifungwa. Wakubwa wa mji hawakuzitaka kabisa, kwa hiyo zilijengwa ng'ambo ya mto, jirani na mahali dubu walipopiganishwa na mbwa. Mwanamke hakuruhusiwa kuigiza, hivyo wavulana walivalishwa magauni. Hapo timu ya Ruponda iliamka, na golikipa akasukumwa mbele na wenzake kama mfano.

Malkia wa siku hizo alikuwa mzee asiye na mtoto, na ilikuwa marufuku kutaja nani atarithi.

"Dada yake hakuzaa?" Bi Fatu akauliza.

"Dada alikwisha kufa, Bibi, naye hakuacha mtoto."

"Basi ukoo umekwisha. Ndiyo maana hawataki lisemwe."

Mwisho Bwana Maendeleo akafikia jambo alilolipenda kuliko yote. Kila mchezo, alisema, ulisomwa kwanza na mtumishi wa ikulu. Mtunzi akitaka kusema neno juu ya mtawala aliye hai, alimtafuta mfalme aliyekufa zamani au nchi ya mbali, akaliweka neno kinywani mwao.

Issa akasimama. "Kumbe alikuwa mtani!"

Watu wakapiga makofi, kwa mara ya kwanza. Ikabidi nimweleze Bwana Maendeleo kwamba kwetu mtu akifa, watani wake huja msibani. Huigiza marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyowanyima watu ugoro. Wafiwa hucheka huku wanalia, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Baada ya hapo watani hushika majembe na kusaidia kuzika.

"Huyu ni mtani wa wafalme," Issa akasema. "Anawaigiza waliokufa, na walio hai wanasikia. Baba aliyekimbia baraza alimwonyesha wakubwa wanavyoanguka, na zama zake zikamfundisha asiwataje kwa majina."

Bwana Maendeleo akamshika mkono na kumwambia aandike mchezo wa namna hiyo. Mimi ndiye niliyekuwepo, na neno "andika" alilisema kwa lugha zote mbili.

Issa akaandika. Mfalme wa zamani wa nchi ya mbali anaambiwa watu wake wana upungufu wa samaki. Anaagiza samaki wapandwe shambani. Wanaletwa tembo wa chuma kung'oa miti, samaki wanapandwa kwa mistari, na mvua haiji. Kila mshauri anayetumwa shambani anarudi na habari kwamba samaki wameota. Wageni wanapokuja kukagua, mfalme anawaonyesha kapu la samaki wakavu walionunuliwa Lindi asubuhi hiyo, na wageni wanaandika kwamba mavuno ni mazuri, isipokuwa ardhi inatoa samaki waliokwisha kupakwa chumvi.

Mchezo ulichezwa kwanza shuleni Ruangwa. Bwana Maendeleo aliketi mbele, akacheka hadi akavua miwani. Furaha ilimzidi, na alipokwenda kula kwa mkuu wa wilaya, yaani Bwana Shauri, akamsimulia mchezo mzima. Mpishi aliyekuwepo alituambia Bwana Shauri aliweka uma chini walipofika kwenye tembo wa chuma, na hakuuinua tena.

Issa akaitwa boma. Siku moja kabla alikuja kwangu, na sura haikuwa yake. "Wakinifukuza hapa hakuna shule nyingine itakayonipokea," aliniambia. "Nitarudi Matambarale kulima ufuta kwenye shamba la wajomba. Nina watoto watatu, kaka. Na mimi jembe sijui."

"Ulipoandika tembo wa chuma ulitegemea nini?"

"Nilitegemea makofi."

Ofisini alikuwepo Bwana Shauri, Bwana Maendeleo akiangalia viatu vyake, Issa, na mimi nusu hatua nyuma ya bega. Issa alikijua Kiingereza vizuri, lakini alijibu kila swali kwa Kiswahili. Vijana, mkimwona mtu msomi anafanya hivyo, jueni anatafuta nafasi ya kufikiri wakati ninyi mnatafsiri. Msiharakishe.

"Mfalme wa kwenye mchezo ni nani?" Bwana Shauri akauliza.

"Mfalme wa zamani, Bwana. Wa nchi ya mbali."

"Nchi gani?"

"Sijapata kufika."

"Na tembo wa chuma?"

"Ni tembo, Bwana. Wa chuma."

"Watu walipocheka, walimcheka nani?"

"Mfalme."

"Mfalme yupi?"

Issa akasubiri nimalize, kisha akasema taratibu, "Mimi nimetunga mfalme mmoja tu. Kama Bwana amemwona mwingine mle ndani, naomba anitajie jina, nimwondoe."

Nikatafsiri neno kwa neno. Kwa Bwana Shauri, kumtaja mtu kungekuwa ni kumvika taji lile kwa mkono wake. Bwana Maendeleo akakohoa, nami kikohozi nikamwachia.

Nje kwenye baraza alikuwa ameketi Bi Fatu, ambaye hakuitwa. Sauti yake ikapita dirishani: "Mtani hashitakiwi!"

Bwana Shauri akauliza anasema nini, nikamwambia. "Mwambie serikali haina mtani," akajibu.

Nikamwambia kupitia dirishani.

"Ndiyo maana haina wa kuizika," Bi Fatu akasema.

Hilo Bwana Shauri hakuliuliza.

Uamuzi ukatolewa kwa maandishi ya nusu ukurasa. Mchezo uliokwisha kuahidiwa kwa watu wa Matambarale na Ruponda uchezwe. Ila kabla ya kuanza, mkalimani wa boma asimame mbele ya watu na kutangaza: "Mfalme huyu ni wa zamani sana na wa nchi ya mbali sana. Hafanani na mtu yeyote wa serikali. Tembo wake hawahusiani na mashine zozote." Huko Ruponda, Bwana Shauri angefika mwenyewe. Akiona watu wanaicheka serikali kwenye mchezo, mwalimu hana kazi.

Matambarale nilitangaza kama nilivyoagizwa, nimevaa kofia na koti la kazi. Nilipomaliza, mzee mmoja akaanza kucheka polepole, akifuata sentensi moja baada ya nyingine kama mtu anayepanda ngazi, na alipofika kwenye mashine uwanja mzima ulikuwa umeanguka. Wakataka nirudie. Mchezo wenyewe ulipata vicheko, lakini si kama vyangu.

Issa alinifuata nyuma ya pazia la kanga akiwa bado na taji la bati la mfalme aliyemwigiza. "Umeniua! Umesema kwa sauti ya kuchekesha."

"Nimesema kwa sauti ya boma."

"Ndiyo hiyohiyo!"

Tuliporudi kwake tukakaa kutafuta namna ya kulisema tangazo lisichekeshe. Tulijaribu kwa haraka. Tulijaribu kwa huzuni, ikawa mbaya zaidi. Mke wa Issa, aliyekuwa akisikiliza huku anatwanga, alituomba tuache maana mtwangio ulikuwa unamponyoka. Mwishowe Issa alikwenda mwenyewe Ruponda, nyumba kwa nyumba, akawaomba watu. "Jamani, siku hiyo kwenye mchezo msicheke. Kazi yangu iko kwenye midomo yenu." Wakamwahidi. Walikuwa watu waungwana, na golikipa wao alikuwa anaigiza malkia.

Siku ya Ruponda watu walifika mapema, wakaketi kimya, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, nyuso zimekazwa kama za wafiwa. Bwana Shauri akawekewa kiti cha kukunja mbele. Nyuma ya uwanja, ambako hakuna aliyekumbuka kuangalia tulipochagua mahali, lilikuwepo tingatinga lililoachwa na wazungu wa karanga. Mti ulikuwa umeota ukapenya kwenye kiti cha dereva, na kuku wa jirani walikuwa wamelala juu ya injini.

Nikasimama. "Mfalme huyu ni wa zamani sana na wa nchi ya mbali sana." Wakavumilia. "Hafanani na mtu yeyote wa serikali." Mabega yakaanza kutikisika, lakini midomo imefungwa. "Tembo wake hawahusiani na mashine zozote."

Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja kulitazama tingatinga. Jogoo mmoja akasimama juu ya injini, akajikung'uta, akawika.

Kicheko kile sijakisikia tena maishani. Wapo waliolala chini. Wapo waliokimbilia kwenye mihogo ili wasionekane, wakasikika zaidi. Issa alikuwa amesimama pembeni na blanketi lake la kifalme, akinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Bwana Shauri akanigeukia. "Wanacheka nini? Mchezo haujaanza."

Nilikuwa nimesimama mahali pangu, na maji nilishakunywa. "Bwana," nikamwambia, "wamefurahi kusikia kwamba si serikali."

Akalifikiria jambo hilo. Akawatazama watu, akainyoosha kofia yake. "Waambie nashukuru."

Nikasogea mbele nikawaambia. Ikabidi tusubiri tena.

Mchezo ulipoanza, watu walikuwa wamemaliza kicheko chote walichokuja nacho, na ahadi ilibaki mikononi. Waliutazama kuanzia mwanzo hadi mwisho bila sauti. Samaki wakapandwa, hakuna aliyetabasamu. Kapu la Lindi likaletwa, hakuna aliyekohoa. Mfalme akaonyesha mavuno yake mbele ya watu waliokaa kimya kabisa, na Bwana Shauri, peke yake, alionekana akijizuia kupiga miayo.

Garini akanipa uamuzi nimpelekee mwalimu. Nilimkuta Issa ameketi chini na blanketi begani, wake kwa waume wamemzunguka, wanangoja.

"Unabaki kazini," nikamwambia.

Akakumbatiwa na watu. Mkewe akapiga vigelegele, golikipa akavua gauni na kulirusha juu. Vilipotulia, Issa akanishika koti.

"Amesema nini hasa? Nipe maneno yake."

"Amesema mchezo hauna hatia, kwa sababu haumchekeshi mtu yeyote."

Furaha ikamwisha usoni. Akalivuta blanketi, akakaa sawa.

"Haumchekeshi mtu?" akasema. "Hebu tafsiri tena, kaka. Hapo umekosea."